Punda wangu wameota manyoya ya kipilipili: ni mbegu adimu au ni ugonjwa?

*"Daktari, nafuga punda watano hapa Chamwino, wa kubeba maji na kuvuta mkokoteni. Jike mkubwa nilimnunua mwaka 2011 akiwa tayari ameshajaza meno. Tangu mwaka juzi ameota manyoya marefu yaliyojikunja kifuani, tumboni na miguuni kama kondoo, na hata joto la Oktoba hayapukutiki. Anakunywa maji sana, na tumbo limeshuka. Binti yake wa miaka miwili alizaliwa laini, lakini tangu kiangazi kilichopita naye ana manyoya marefu yaliyofifia. Mpwa wangu kanionyesha kwenye simu farasi wa Marekani wenye manyoya ya kipilipili, anasema ni mbegu adimu ya bei kubwa na haiwadhuru wenye mzio. Kuna mtu ameshakuja kuuliza bei ya hawa wawili. Je, ndiyo mbegu hiyo? Nimpandishe tena jike apate watoto wa namna hiyo? Na niwanyoe?"*

Ndugu yangu, nimeelewa kinachokusumbua: unaogopa kuuza kwa bei ya kutupa mali ambayo huenda ni adimu, na wakati huohuo moyo unakuambia kwamba kuna kitu hakiko sawa. Moyo wako uko sahihi. Hawa si mbegu adimu. Na ingawa ni mama na mwana, sidhani kama wana tatizo moja. Mama anaonekana kuwa na ugonjwa wa uzeeni wa tezi, na binti ana dalili za minyoo au lishe duni. Umelijibu swali lako mwenyewe pale uliposema binti "alizaliwa laini".

Farasi aliokuonyesha mpwa wako wapo kweli. Wamarekani huwaita Bashkir Curly, jina lililotokana na dhana kwamba asili yao ni Bashkiria kule Urusi, dhana ambayo haijathibitika. Habari zao zinazojulikana zaidi zinatoka jimbo la Nevada, ambako familia moja ya wafugaji iliwaona milimani mwaka 1898, na chama cha kuwaandikisha kilianzishwa mwaka 1971. Jambo la kukusaidia wewe ni hili: farasi hao huzaliwa na mikunjo. Mtoto anatoka tumboni na manyoya ya mawimbi, hata ndani ya masikio, na kope zake zimejikunja kwenda juu. Ni urithi, na mzazi mmoja mwenye nao anatosha kuupitisha. Tena majira ya joto yakifika, wengi wao hupukutisha manyoya ya baridi wakabaki karibu laini, na baadhi hupoteza hata singa za shingoni na mkiani. Kuhusu mzio, watu wengi wenye mzio wa farasi husema wanawavumilia hawa, lakini vipimo vya maabara vimekuta kwamba nao wanatoa vichochezi vya mzio kama farasi wengine.

Kwa upande wa punda, ipo mbegu moja ya manyoya marefu inayojulikana sana, ya Poitou huko Ufaransa. Sensa ya mwaka 1977 iliwakuta 44 tu. Lakini punda wa Poitou ni pande la mnyama, mabega yake yanafika mita moja na nusu au karibu na hapo, rangi ya kahawia iliyokoza, na manyoya yanaanza utotoni. Punda wetu wa kijivu mwenye mstari wa msalaba mabegani, mabega yanayoishia kiunoni mwa mtu, hana undugu wa karibu na huyo.

Sasa tuje kwenye manyoya yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mnyama wa jamii ya farasi huota na kupukutisha manyoya kwa kufuata urefu wa mchana kuliko baridi yenyewe. Huko Ulaya mchana wa Juni unaweza kuzidi wa Desemba kwa saa nane au zaidi, kwa hiyo punda wao huvaa koti zito na kulivua kila mwaka. Sisi Dodoma tuko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Punda wetu anaweza kukaza manyoya kidogo Juni na Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 13 au 14 na upepo unavuma, lakini hana sababu ya kuvaa koti refu mwaka mzima. Punda wa Dodoma akiwa na manyoya marefu mwezi Oktoba, chukulia hiyo ni dalili mpaka ithibitike vinginevyo.

Nianze na mama. Kama mwaka 2011 alikuwa ameshajaza meno, basi alikuwa na miaka 5 au zaidi, kwa sababu meno ya mbele ya pembeni hukamilika katika umri huo. Leo hayuko chini ya miaka 18. Chini ya ubongo kuna tezi inayoitwa pituitari, na sehemu yake ya kati huzuiwa isifanye kazi kupita kiasi na neva zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Uzeeni neva hizo huanza kufa kwa baadhi ya wanyama. Tezi ikikosa kizuizi inavimba na kumwaga homoni nyingi mwilini. Vinyweleo vinabaki katika hali ya kuota tu, havifiki hatua ya kuachia, ndiyo maana manyoya yanarefuka mpaka yanajikunja kwa urefu wake. Homoni hizo pia hula misuli ya mgongo na ya tumbo, ndiyo maana tumbo linaning'inia. Hudhoofisha kinga, hivyo vidonda vya matandiko havifungi na minyoo inazidi. Huongeza kiu na mkojo. Kibaya zaidi, kwa baadhi ya wanyama huvuruga insulini, na hapo kwato huingia matatani.

Kabla hujaita mtu yeyote, fanya uchunguzi wako mwenyewe asubuhi punda akiwa ametulia. Usimwangalie kwa macho tu. Manyoya marefu huficha mifupa, na punda aliyekonda huonekana mnene. Zamisha vidole mpaka kwenye ngozi, pita juu ya uti wa mgongo, mbavu na nyonga. Mgongo ukikuchoma kama ukingo wa jembe huku tumbo ni kubwa, huko si kushiba. Kisha tazama juu ya macho. Punda mzee wa kawaida ana vishimo viwili vilivyobonyea juu ya macho. Kwenye ugonjwa huu mara nyingi hujaa mafuta na kuvimba kama vimejazwa pamba. Fungua manyoya kwa vidole kifuani na chini ya singa utafute chawa, kwani koti la namna hiyo ni nyumba yao.

Pima maji. Umesema anakunywa sana, lakini punda aliyerudi na mkokoteni akashinda juani anaweza kumaliza ndoo na bado akawa mzima. Mtenge siku tatu bila kazi, kivulini, na mwenzake akiwa ng'ambo ya ua akimwona. Mpe maji kwa dumu la lita 20 ulilolitia alama kwa kila lita, uandike. Punda wa kilo 135 asiyefanya kazi, anayekula mabua makavu, kwa joto letu hutegemewa kunywa kama lita 8 mpaka 15 kwa siku. Akipita 20 siku zote tatu, mwonyeshe daktari maandishi hayo. Yatamsaidia kuliko maelezo marefu.

Meno nayo yasisahaulike, kwa sababu punda mzee anaweza kukonda na kufifia manyoya kwa meno tu. Tafuta chini ya hori vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa, vyenye ukubwa wa kidole gumba. Nusa mdomo. Harufu ya uozo au shavu lililobana chakula ni kazi ya daktari mwenye kifaa cha kufungulia taya na tupa ya meno. Usiingize mkono wako nyuma ya mdomo. Magego ya punda hukata kidole.

Kuhakikisha ugonjwa wa tezi kunahitaji kupima homoni kwenye damu, na sampuli yake ni dhaifu: inatakiwa kuwekwa kwenye chupa ya kuzuia kuganda, kupoozwa mara moja na kutenganishwa haraka. Kwa mfugaji wa Chamwino hilo ni gumu na ghali. Namna nzuri ni kumpata daktari wa mifugo wa halmashauri, na yeye akiona inafaa awasiliane na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kwa mnyama mwenye umri huo, koti lisilopukutika, kiu na misuli iliyokwisha, daktari mzoefu anaweza kutoa hukumu bila kipimo.

Dawa ipo, inaitwa pegolaidi, na kazi yake ni kuiga dopamini iliyopungua. Kipimo cha kuanzia ni mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kwa punda wa kilo 135 ni kama robo ya kidonge cha miligramu 1. Haiponyi, na hutolewa kila siku maisha yote. Usitegemee kuikuta kwenye duka la pembejeo. Tena kwa siku za mwanzo inaweza kumkatisha hamu ya kula, na punda asiyekula ni hatari kubwa, nitaeleza chini. Mimi kwa punda mzee wa kijijini nisingekulazimisha uitafute. Matunzo mazuri yanaweza kumpa miaka ya kuishi bila mateso.

Matunzo yanaanza na kumpumzisha: asibebe mzigo wala kuvuta mkokoteni tena. Ndiyo, mnyoe. Koti lile Oktoba na Novemba linamchemsha, na jasho linaloloa chini yake huleta ukurutu na mabuu kwenye vidonda. Fanya kazi hiyo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, mwezi Septemba au Oktoba, kamwe usifanye Julai. Chana kwanza kwa chanuo la meno mapana mpaka mafundo yafunguke. Tumia mkasi wenye ncha butu, uulaze sambamba na ngozi, ubakize manyoya ya sentimita moja hivi. Anza begani, shuka ubavuni, kisha kifua na tumbo, ukiivuta ngozi kwa mkono wa pili isije ikaingia kwenye makali, hasa kwapani na kwenye mkunjo wa paja. Acha uso, masikio, miguu na utepe wa upana wa kiganja juu ya mgongo umkinge jua. Yataota tena, kwa hiyo rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu mpaka joto liishe. Manyoya uliyokata yachome kama ulikuta chawa.

Kwato zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, na ujifunze kuzipima. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pande zote mbili, ubonyeze taratibu. Kwa punda mzima mapigo huyapati au unayapata kwa shida. Yakikudunda vidoleni kwa nguvu, kwato ni ya moto na punda anahamisha uzito mguu hadi mguu au analala kuliko kawaida, kwato zimevimba ndani. Farasi kwa maumivu hayo angegoma kutembea. Punda huvumilia, atatembea kidogo na kunyamaza. Mwache kwenye mchanga mlaini, ondoa pumba zote, muite daktari siku hiyohiyo.

Chakula cha msingi kiwe nyasi kavu au mabua ya mtama na uwele, kilo 2 mpaka 2.5 kwa siku kwa punda wa kilo 135. Meno yakiwa mabovu, katakata vipande vya sentimita 2 na uloweke. Mashudu ya alizeti, nusu kilo kwa siku ikiingizwa taratibu kwa wiki mbili, yanarudisha misuli vizuri kuliko pumba za mahindi ambazo zina wanga mwingi. Usimpe nafaka wala karanga zilizoota ukungu, na kamwe usimpe chakula cha kuku au cha ng'ombe cha kiwandani: baadhi huwekwa dawa iitwayo monensini, ambayo kidogo tu huua punda kwa kuharibu moyo.

Sasa binti. Miaka miwili ni mapema mno kwa ugonjwa wa tezi, na manyoya yaliyofifia baada ya kiangazi ni hadithi ya kawaida ya mnyama mchanga aliyeshambuliwa na minyoo wakati nyasi zimekwisha. Mabuu ya minyoo hujificha kwenye ukuta wa utumbo na kutoka kwa makundi, protini inavuja, na mwili hauna cha kutengenezea manyoya mapya, kwa hiyo hung'ang'ania ya zamani. Fungua jicho na mdomo: ufizi wa waridi ni mzuri, mweupe kama chokaa ni upungufu wa damu. Upungufu huo waweza pia kutokana na ndorobo, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o, kama huwa mnalisha karibu na mapori yenye inzi hao, na hiyo huonekana kwa kupima damu kwa darubini.

Peleka kinyesi kikapimwe, kituo cha maabara ya mifugo ya serikali (TVLA) Dodoma au kwa daktari mwenye darubini. Chukua vibonge vitatu vya asubuhi, vile vya juu visivyogusa ardhi, tia kwenye mfuko safi, toa hewa yote, funga, weka mahali pa baridi na ufikishe siku hiyo. Ukiuacha mfuko juani mayai yanaanguliwa njiani na majibu yatakudanganya.

Dawa inayofaa kwa kawaida ni ivamektini ya kumeza, mikrogramu 200 kwa kilo. Tatizo la wengi ni kukisia uzito. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa utepe wa fundi cherehani, na urefu kutoka ardhini hadi kilele cha bega. Kwa punda mkubwa, kifua sentimita 105 na urefu 100 ni kama kilo 120. 110 na 102 ni kama kilo 135. 115 na 105 ni kama kilo 150. Kwa binti, mwache daktari akadirie, kwani wadogo hawafuati hesabu hiyo vizuri. Usimchome sindano ya ivamektini ya ng'ombe; kwa jamii ya farasi inaweza kuleta uvimbe na maambukizi mabaya pale ilipochomwa. Dawa ya ndorobo pia usiichome kwa kubahatisha, maana kwa punda tofauti kati ya kipimo cha kutibu na cha kudhuru ni ndogo. Na tafadhali shika hili: usimpitishe punda kwenye josho wala kumnyunyizia dawa ya kupe yenye amitrazi. Ng'ombe anaistahimili, lakini kwa punda inasimamisha matumbo, kinyesi kinaganda ndani, na anaweza kufa kwa msokoto. Soma kibandiko cha chupa kila mara.

Binti akipata dawa sahihi, mashudu robo kilo na malisho safi, yaani kinyesi kinazolewa zizini mara mbili kwa wiki, utaanza kuona manyoya mafupi yanayong'aa usoni na shingoni ndani ya miezi miwili au mitatu. Asipobadilika, turudi kwenye damu na meno.

Kuhusu kumpandisha mama, hapana. Mikunjo yake haikutoka kwenye damu ya ukoo, kwa hiyo haitarithiwa. Mimba ya punda ni takribani miezi kumi na miwili, na mwili unaokula misuli yake wenyewe hauwezi kuibeba. Mtenge na dume.

Na huyo mnunuzi, muulize anawapeleka wapi. Biashara ya ngozi za punda ilishafika hadi Dodoma, na mwezi Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Anayesifia mikunjo ya manyoya huku hakuulizi umri, meno wala kwato, hatafuti mbegu.

Usisubiri siku ya soko kumwita daktari ukiona mojawapo ya haya: punda amekataa kula kwa siku nzima, anajilaza na kuinuka akigeuka kutazama ubavu, hajatoa kinyesi tangu jana, au hawezi kusimama. Kutokula ndiko kunakoua wengi. Punda akikosa chakula mwili humwaga mafuta kwenye damu kwa wingi, ini linajaa, na baada ya siku mbili tatu kumrudisha ni kazi kubwa. Wakati unasubiri, mpe chochote anachokipenda, hata majani mabichi, na usimtenge na mwenzake aliyemzoea, maana huzuni peke yake inaweza kumfanya aache kula. Kwa sababu hiyohiyo, mama akifikia mahali ambapo daktari anashauri apumzishwe, waache wenzake wanne wamkaribie na kumnusa alipolala mpaka wao wenyewe wamwache, ndipo uufukie mwili. Siku tatu zinazofuata angalia hori la kila mmoja wao, hasa la binti yake.